Amina za Simu

Kanisa letu hapa Chundwa ni darasa la nne. Jumapili asubuhi mlinzi wa shule hunifungulia, nikafagia, nikafuta hesabu za Ijumaa ubaoni, kisha nikaketi kwenye dawati la mtoto kuwasubiri wenzangu. Hapo kwenye kusubiri ndipo imani yangu inapojaribiwa, na wanaoijaribu si mashetani, ni Wakristo.

Sisi ni watu wa bara tulioletwa kisiwani na kazi: walimu, polisi, muuguzi wa zahanati. Kila mmoja ana kanisa lake alikotoka. Huyu hapigi makofi. Yule asipopiga anahisi hajasali. Mmoja anataka tupige magoti, mwingine anasema sakafu itamharibia suruali. Tuligombana, tukapatana, tukaimba kila mtu na sauti yake. Ilikuwa fujo, lakini fujo ya watu walio pamoja, na mimi niliipenda.

Kisha askari mmoja akaja na wazo: tufungue kundi la WhatsApp, tukumbushane saa ya ibada. Nilimsifu mbele ya watu. Mwanzoni watu waliandika, "Nachelewa kidogo." Halafu, "Niko nanyi kiroho." Mwishowe kila mtu akabaki chumbani kwake, anatazama ibada ya kwao kwenye simu, picha inakwama kila mtandao unapolegea, huku akitutumia vile vijikono vya maombi. Kundi la kutukusanya ndilo lililotutawanya. Nikilalamika, wananijibu, "Amina."

Jumapili ninayoikumbuka hakuja mtu hata mmoja. Mlinzi alichungulia mlangoni.

"Mwalimu, leo waswali peke yako?"

"Wenzangu wako njiani."

Aliitazama njia, akanitazama mimi, akarudi langoni kwa adabu. Afadhali angenicheka. Nilifunga madirisha kwa kishindo nikarudi nyumbani mori umenipanda.

Alasiri kaka yangu akapiga simu kutoka kwetu bara. Baba amefariki.

Maji ya bahari yalikuwa yametoka, na boti isingeondoka hadi asubuhi. Kwetu mtu akifiwa, jioni hiyohiyo ua hujaa. Watu huimba, huomba, hukaa tu. Hakuna anayemwacha mfiwa na ukimya. Sikutaka kingine. Niliandika kwenye kundi: "Baba yangu ametutoka. Naomba mje tuombe."

Vijikono vikamiminika. Pole mwalimu. Mungu akutie nguvu. Amina. Amina. Muuguzi, ambaye chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja, alinitumia wimbo uliorekodiwa. Niliisikia simu yake huko ndani ikilia kila mwingine alipoandika. Nilikasirika hata machozi yakakauka.

Walioingia ni mwenye nyumba wangu, Bi wa makamo asiyeishiwa na utani, pamoja na majirani wawili. Walikuwa wamenisikia nikilia na kaka yangu kwenye simu. Walitandika mkeka uani, wakaketi. Siku hiyo Bi hakunitania.

"Wenzio wapi?"

Nikamwonyesha simu. Alivitazama vile vijikono, akanirudishia.

"Hawa ndio wamekuya?"

"Ndio hawa."

"Haya, imba wewe. Nyimbo zenu hatuziyui, lakini kuketi na mfiwa twayua."

Nikaimba ule wimbo baba alioupenda. Sauti ilinikatika kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ndipo sauti nyingine ikaudaka, nyembamba, safi, kutoka upande wa pili wa ukuta. Muuguzi alikuwa akinisaidia akiwa ndani. Ana sauti nzuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Bi akageuza kichwa. "Yumo mtu?"

"Yumo."

"Wa dini yenu?"

"Wa dini yetu."

Aliinuka, akaokota kiatu chake kando ya mkeka, akaugonga nacho mlango wa mpangaji wake.

"Toka nde wewe! Mwenzio amefiwa, nawe waimbia ukuta?"

Mlango ukafunguka. Muuguzi alitoka na leso mabegani, simu mkononi, macho mekundu. Alisema hakutaka kunisumbua. Alisema alijua ningependa kuwa peke yangu. Nilimwambia kwamba nimekuwa peke yangu tangu asubuhi, ndani ya darasa tupu, na sikuipunguza sauti. Bi hakungoja tumalize. Alimpokonya simu, akachukua na yangu, akazisukuma zote chini ya mkeka, kisha akasogea ili pawe na nafasi kando yangu.

Muuguzi akaketi. Nilikuwa bado nimemkasirikia, hata bega lake lilipogusa langu. Tukaanza wimbo upya kutoka ubeti wa kwanza, wawili sisi, na wale watatu wakatutazama bila kuondoka. Chini ya mkeka simu ziliendelea kulia, na hakuna aliyeinama kuzichukua.