Mkekani na Adhiambo

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukweni Muhuru Bay iliingia darasani bila kubisha hodi, ikakaa nasi mpaka kengele ya mwisho. Wageni waliziba pua. Sisi ilitutia njaa tu. Hadi leo ikinipitia sokoni, nakumbuka muhula ule nilipokuwa darasa la tano na sijui kusoma. Herufi moja moja nilizitambua. Zikiungana, nilikuwa nimekwisha.

Mwalimu Atieno, aliyekuwa amehamia shuleni kwetu, alikuja na mtindo wake. Kila siku baada ya chakula cha mchana tuliyaacha madarasa yetu, tukagawanywa upya kwa jinsi kila mtu anavyosoma, si kwa umri: kundi la herufi, la maneno na la hadithi. Mimi na miguu yangu mirefu niliangukia kundi la maneno, mkekani, bega kwa bega na mdogo wangu Adhiambo wa darasa la pili. Wenzangu walinicheka hadi wakachoka. Tulipiga makofi kwa kila silabi, tukaandika mchangani, kisha wawili wawili tukashika kitabu kimoja, mmoja akisoma na mwingine akifuata mstari kwa kidole. Kidole cha Adhiambo kilikuwa na magamba ya omena, na kilikuwa na subira. Nikikwama, hakunitajia neno. Alilipigapiga tu karatasini mpaka likanitoka mdomoni.

Nami sikuwa na muda wa kupoteza. Mama, muuza omena ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa ameniambia wazi, "Nyathina, mwanangu, shule ikifungwa kama bado hujui kusoma, utaenda Macalder umlelee shangazi yako mtoto. Siwezi kusomesha mtu mzima anayekaa mkekani na watoto." Mama hakuwa mtu wa utani.

Katikati ya muhula Mwalimu alitupima. Adhiambo alianza kubabaika kwenye maneno niliyojua anayajua vizuri kama jina lake. Mwalimu akashusha kitabu.

"Adhiambo, mbona leo unasoma hivi?"

"Mimi sitaki kuenda kwa hadithi, mwalimu. Nikienda, huyu atabaki na nani?"

Mwalimu hakukasirika, wala hakukubali. Alimshika mkono akampeleka upande wa pili wa chumba. Nililia mbele ya watoto wa darasa la pili na sikuona haya hata kidogo. Tangu siku hiyo nilisoma kwa hasira, nikitaka kumfuata. Nilisoma magazeti yaliyofungia sukari, majina ubavuni mwa mashua, hata matangazo ya mazishi yaliyobandikwa dukani.

Shule ilipofungwa, mama alitukalisha nje ya jiko, akanipa kitabu cha hadithi cha mdogo wangu. Nilisoma ukurasa mzima. Mama akamgeukia Adhiambo.

"Anasoma kweli, ama anatunga?"

"Anasoma, mama. Hata penye nukta anasimama."

Mama akainuka kwenda kugeuza omena. Habari ya Macalder haikutajwa tena.

Sasa naishi Homa Bay mjini. Mwanangu anasoma kwa kishikwambi, visikizi masikioni, na anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi nikiwa na umri wake. Nashukuru. Hakuna anayemcheka. Hakuna anayemsubiri pia, na hilo hunifanya nimkumbuke mdogo wangu, kwa kuwa siku hizi anafanya kazi Uarabuni na hurudi mara chache. Juzi nilimpigia simu, nikamwomba anisomee kitu.

"Kitu gani sasa?"

"Chochote."

Alicheka, akachukua pakiti ya unga iliyokuwa karibu naye, akaanza kusoma jinsi ya kuutumia na mahali pa kuuhifadhi, polepole, akitua kila mstari. Alipofika kwenye tarehe ya kuharibika, maandishi yakaisha. Nikamwomba aanze tena.