Mama Mitungi na mkahawa wa 'Wifi Yupo'

Saa tatu asubuhi, Mama Mitungi yuko kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, mtungi wa gesi begani, simu ameibana kwa kilemba.

"Huko leo usiende, mpishi wao anaumwa," anamwambia mtu wa upande wa pili. "Panda kwa mafundi cherehani, ghorofa ya pili. Saa sita wanaondoa vitambaa mezani, wanapakua. Ukikalia sindano, usiseme sikukuambia."

Kazi yake ni kusambaza gesi kwa pikipiki ya matairi matatu. Mikahawa zaidi ya arobaini inamtegemea, na yote anaiingia kwa mlango wa nyuma. Huko ndiko alikookota kazi ya pili isiyo na mshahara: kuwaelekeza watu wa mji huu wakale wapi. Makarani wanampigia, madereva wanampigia, hata maharusi.

Kipimo chake ni kimoja. "Naangalia mpishi anakula nini. Mpishi akipika chake halafu akaagiza cha jirani, mimi nafunga mtungi, naaga. Kama mwenyewe hakitaki, nimpelekee nani?"

Kwa kipimo hicho amewapeleka watu kwenye gereji ya zamani, ambako fundi magari aliyegeuka mpishi humfukuza mteja mwenye haraka. Amewapeleka kwa bibi anayepika chungu kimoja kwa siku. Kikiisha anafunga mlango, uwe nani uwe nani. Wenye mikahawa wamejaribu kumlainisha kwa bahasha, naye akazirudisha. "Nikila chao, ulimi si wangu tena."

Basi kipimo kikamgeukia mwenyewe.

Mwaka juzi kaka yake na mkewe walitia akiba yao yote kwenye mkahawa mdogo, mahali palipokuwa duka la vitabu. Ukoo mzima ukatulia: Mama Mitungi yupo, wateja watakosekanaje?

Wiki ya kwanza alipopeleka gesi, alimkuta wifi yake kwenye kona ya jiko, anakula mkate mkavu kwa chai. Sufuria zimejaa pembeni.

"Wifi, mbona huli cha kwako?"

"Nimeshiba harufu."

Mama Mitungi hakupeleka pale hata mtu mmoja. Kaka yake alimfuata nyumbani. "Watu unawapeleka kwa wageni, kwangu unapita kama hupajui. Tumekukosea nini?"

"Iliniuma sana," anasema sasa. "Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini ningedanganya kwa ajili ya wifi, kesho nani angeniamini?"

Wifi akanuna. Kwa miezi gesi ilipokelewa na muosha vyombo, salamu hakuna. Meza zikabaki tupu, na kaka akaanza kutafuta mtu wa kununua viti.

"Nilikuwa napika picha," wifi mwenyewe anasimulia. Alikuwa akiiga vyakula vya kwenye majarida. "Kwenye sahani vinapendeza, mdomoni havina habari. Nilijua. Na yeye alijua kwamba najua, ndiyo maana nikamchukia."

Akayatia majarida kwenye pipa la taka, akarudi kupika alivyowapikia wanawe: maharagwe, mboga za majani, samaki. Asubuhi moja Mama Mitungi aliingia na mtungi akamkuta amekalia ndoo, anakwangua ukoko wa wali, mashavu yamejaa.

"Ngoja nimeze kwanza," wifi akasema, "ndipo unitukane."

Mama Mitungi akautua mtungi, akaomba kijiko. Walikwangua sufuria pamoja, machozi yakiwatoka, hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Kisha akashika simu. "Nendeni mkale kwa wifi," akamwambia kila aliyempigia.

Habari ikaenea, ikapinda njiani. Mchana mmoja wakaingia vijana na kompyuta zao. "Wifi ipo hapa?" Wao wanatafuta intaneti. Kaka mtu akajibu kwa moyo mweupe, "Yupo, jikoni," akamwita. Wifi akatokea na mwiko mkononi: "Nani ananitafuta?"

Vijana walicheka hadi wakafunga kompyuta. Wakala, wakaongeza, kesho yake wakaleta wenzao. Haukupita muda, fundi rangi akaandika juu ya mlango: WIFI YUPO. Intaneti hakuna mpaka leo.

Viti havikuuzwa, vimeongezwa. Foleni ya mchana inafika duka la viatu, na chumba cha jirani wameshakipangisha. Mama Mitungi naye ana mpango wake: siku moja kwa wiki aache mitungi, awatembeze watu mikahawani mwenyewe, wakiingilia jikoni. "Waone wapishi wanavyokula," anasema.

Leo, kwa mara ya kwanza, anaingia hapa kwa mlango wa mbele, bila mtungi, gauni limepigwa pasi. Hajakaa, mteja mgeni anamsogelea na simu yake.

"Samahani dada, wifi ipo?"

Anachungulia jikoni. Mke wa kaka yake amesimama kwenye jiko, kijiko mdomoni.

"Tupo wawili," anajibu, na kuvuta kiti.