Mikono ya Mhudumu

Mhudumu anayemsaidia kaka mtu tangu kaka huyo alipoumia ubongo, akiingia naye jikoni hufumbata mikono nyuma kama mkaguzi. Hashiki kitu. Kaka akikwama, yeye huuliza taratibu tu, "Halafu?"

"Huyu analipwa kusimama," alinung'unika dada mtu, aliyekuja kumhamishia kaka yake kwake, asije akaunguza nyumba. Basi kaka akamimina chai, akaondoka na kikombe, jiko nyuma linawaka. Dada akanyoosha mkono alizime, mhudumu akaudaka. Kiganja cha mhudumu kilikuwa chapachapa kwa jasho.

"Halafu?" akauliza, sauti ileile.

Kaka akasimama mlangoni, akafikiri, akarudi, akazima jiko. Akawatazama. "Mbona mmeshikana mikono kama watoto wa chekechea?"

"Nimiminie na mimi," dada akasema. "Nikishakunywa nakwenda zangu peke yangu."