Wapishi wa Filamu ya Dereva

Siku ya kwanza kazini nilipita mlangoni mara mbili kwa woga kabla ya kuingia. Ilikuwa wakati wa vita. Reli ilikuwa imekatika, na kila alasiri watu wa mtaa wetu wa Mikelenge walijazana katika ukumbi wa video wa bwana tuliyemwita Patroni. Mimi nilikuwa mtafsiri. Unasimama kando ya televisheni na kipaza sauti. Filamu inasema Kifaransa, wewe unasema Kiswahili kabla mwigizaji hajafunga mdomo. Sikufundishwa na mtu. Kifaransa nilikiokota katika kitabu kisicho na jalada kilichoeleza matabaka: wenye viwanda na mashamba huku, wenye mikono mitupu kule.

Filamu ilihusu dereva maskini aliyemwoa binti wa tajiri wake, huku wapishi waliofanya naye kazi wakitazama kutoka jikoni. Katikati nikagundua nimekosea sentensi ya mwanzo. Nikarudi kuisahihisha, nikamwacha bibi harusi akichezesha midomo bila tafsiri.

"Mwalimu, bibi harusi amekuwa bubu?" akauliza msukuma baiskeli aliyeleta mchele kutoka Kibombo. Ukumbi ukaangua kicheko.

Desturi yetu ilikuwa kwamba Patroni akibadilisha kaseti, watazamaji wanaihukumu filamu. Msukuma baiskeli akasimama, akaniuliza mimi.

"Dereva ameingia mu nyumba kubwa, muzuri. Na wale wapishi wenzake? Nani atawaoa?"

Patroni akaninong'oneza: "Sema wakijikaza watafika. Watu iko na huzuni ya kutosha. Ukiwaharibia filamu, kesho usirudi."

Niliitaka mno kazi ile. Nikashika kipaza sauti.

"Hakuna atakayewaoa," nikasema. "Mtu mmoja amepanda, ngazi ikavutwa juu. Jikoni wamebaki wale wale."

Kisha muuza mawese mmoja akapaza sauti: "Njo vile, ni kweli, mwanangu! Patroni, rudisha pale kwa wapishi!"

"Wapishi! Wapishi!" ukumbi mzima ukaitikia.

Patroni akarudisha kaseti. Wapishi hawakupewa neno hata moja katika filamu ile, nami sikuwa na la kutafsiri. Basi ukumbi ukawasemea: wakamdai tajiri siku ya kupumzika, shule ya watoto, nafasi mezani. Patroni mwenyewe akacheka hadi machozi.

"Kesho kuja mapema, mwalimu," akaniambia.

Mwaka jana, baada ya miaka mingi ya kutafsiri, koo lililochakaa lilinistaafisha, na umri wa kustaafu sijaufikia. Sentensi nilizokosea bado zinaniuma, zote. Lakini tangu alasiri ile hakuna filamu iliyokwisha ukumbini mwetu bila mtu kuuliza wapishi wako wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu bora, na swali lenyewe sikuliuliza mimi.