Mama Hakupanda Mizani

Watu wa huku mlimani humwita mume wangu Mizani, hata watoto wetu wakienda dukani huitwa wana wa Mizani. Kazi yake ni kupima abiria wa kidege pamoja na mizigo yao, kisha kumwambia rubani jumla. Kiwanja chetu ni kifupi, kimeinama kama paa la nyumba, na mwisho wake ni korongo. Kidege kikifika pale hakijapaa, basi tena. Ndiyo maana kazini hana mzaha. Mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kushushiwa gunia lake huku akifoka.

Nyumbani ni mpole, mtu wa kumwomba paka radhi kabla ya kukalia kiti. Na mbele ya mama yangu mzazi ndiyo kabisa. Mkwe ni mkwe. Hamtazami hata usoni.

Siku ile Mama alikuwa anakwenda hospitali ya mjini kupasuliwa jicho. Moja lilikwisha kufa, la pili lilikuwa linafifia. Abiria wenzake walipanda mizani mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, mume wangu akakuna kichwa.

"Mama, samahani... yaani... wewe si mwepesi tu?"

"Mwanangu, nimebaki mifupa na maneno," Mama akajibu. Watu wakacheka.

Mume wangu akakisia uzito wake. Furushi lake nalo akalipokea kwa mikono miwili, akalisukuma nyuma kabisa, mkiani, bila kulipima. Ampekue mkwe wake mbele za watu? Kumbe ndani mlikuwa na jiwe la kusagia, zawadi ya kumpelekea dada yangu aliyeko mjini.

"Mizani, tuko sawa?" rubani akauliza. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na huku juu hewa ya joto haibebi kidege vizuri.

"Tuko sawa."

Kidege kikateremka na kiwanja kikinguruma. Pua ikainuka mapema mno, mkia ukainama, magurudumu yakaacha ardhi kisha yakarudi chini kwa kishindo. Mume wangu akatimua mbio akipiga kelele, "Acha! Acha!" kana kwamba rubani angemsikia. Injini ikanyamaza. Kidege kikaserereka, kikageuka ubavu, bawa likachimba udongo, vumbi likafunika kila kitu. Nikamwita Mungu.

Vumbi lilipotulia, gurudumu moja lilikuwa linaning'inia juu ya korongo.

"Polepole! Mmoja mmoja!" rubani akaamuru.

Mama alitoka wa mwisho, akipapasa hewa. Mume wangu akamkumbatia, mkwe wake, mbele ya watu wote.

"Nimekuua, Mama."

"Maiti hawaongei, mwanangu. Punguza sauti."

Juma lililofuata kilikuja kidege kingine, asubuhi ya baridi. Jicho lisingengoja zaidi. Mume wangu akaweka mizani miguuni pa Mama.

"Panda, Mama."

Mama akavua viatu, akamshika bega, akapanda. Namba ikasomwa kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kidege kilipoanza kuteremka, mume wangu akageukia ukuta wa kibanda. "Niambie wewe," akasema. Nikamshika mkono huku nikiomba kimoyomoyo. Magurudumu yakaacha ardhi. Kikapita juu ya korongo, kikazama kidogo, roho nayo ikanizama, kisha kikapanda.

"Kimepaa, baba watoto."

"Tazama tena," akasema.