Fundi wa Breki na Sindano ya Usingizi

Mimi ni fundi wa breki Kariobangi, lakini mdomo wangu hauna breki. Juzi nilienda kupimwa tumbo kwa kamera, moyoni nimeshaamua ni saratani. Daktari akanionyesha sindano ya usingizi.

"Mzee, hii haizimi ubongo. Ubongo una breki zake. Dawa inazisaidia tu kushika."

Nikacheka. "Breki ya kunishika mimi bado haijatengenezwa!"

Akanidunga. Nikafumba macho kidogo tu, nikayafumbua, nikafoka: "Si nilisema? Niko macho! Leta hiyo kamera!"

Wauguzi wakaangua kicheko. Mke wangu, ambaye hata sikumwona akiingia, alikuwa ananifuta mate shavuni.

"Baba Akinyi, kamera imeingia ikatoka wewe ukikoroma. Ni vidonda tu, vinatibika."