Kile na Yule

"Kiberiti ni nini?" baba alimuuliza mteja. Mteja akacheka, akidhani mzee anatania, nami nikacheka. Tulikuwa dukani kwetu Majengo, na viberiti vilipangwa nyuma ya kisogo chake.

Miaka ya uhaba baba alikuwa karani wa duka la ushirika; alijua jina la kila bidhaa na rafu zilikuwa tupu. Biashara ilipofunguliwa akaanzisha duka lake, malori yakawa yanaingia kutoka mpakani Kasesya, rafu zikajaa, na majina yakamtoka. Asingekuwa baba yangu ningesema ni kichekesho.

Alibaki na ngeli, zile tulizokaririshwa shuleni. Akisema "nipe kile," nilijua ni kijiko au kikombe. "Ule" ni mkate au mshumaa, "yale" ni maji au mafuta. Nilizoea kukisia, hata nikaona fahari ya kijinga kwamba mimi bintiye ndiye kamusi yake. Nilimjaribu kwa Kifipa alichozaliwa nacho. Huko nako majina hayakuwepo. Majirani walisema karogwa kwa ajili ya duka. Daktari alisema ubongo unanyauka, na maradhi hayo yana namna nyingi: mgonjwa mmoja huanza kupoteza maneno, mwingine kumbukumbu.

Huyo mwingine tulikuwa naye. Shangazi, dada yake baba, aliletwa kwetu kutoka kijijini baada ya kupotea njia ya kisima alichochotea maji maisha yake yote. Yeye alisema vizuri kuliko sisi, methali juu ya methali, kisha bakuli likiwa bado mkononi anauliza kama leo tutapika. Baba alikumbuka kwamba amekula, asijue alichokula kinaitwaje. Siku nyingine niliwachukia wote wawili. Nilikuwa nikiona haya, lakini niliwachukia.

Jina langu lilipomtoka, baba akaanza kuniita "yule." Sikulia. "Yule" ni neno la mtu, nikalishikilia. Lakini ngeli nazo zikaanza kumponyoka: mkate ukawa "kile," maji "kile," mlango "kile." Nikawa naamka kila asubuhi na hofu ya nitakavyoitwa.

Siku moja ya mvua niliingia na uji wao. Baba alinitazama, akamgeukia dada yake. "Kile kimekuja," akasema.

Nilisimama palepale na bakuli. Shangazi akanikagua toka kichwani hadi miguuni. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza mara tatu mimi ni binti wa nani.

"Kaka, usiseme kile," akamwambia. "Huyu ni mtu. Mimi simjui, lakini ni mtu."

Baba alifikiri kwa muda mrefu, akijitahidi kweli.

"Haya," akasema. "Basi kinilishe."

Nikamlisha.